Jibu la Pili

Kibwana aliingia jikoni kwa dada yake na kiganja kilichobabuka kwa moto, akaulizwa habari za kazini, akajibu, "Nzuri."

Dada huyo, Sikudhani, alikuwa amempa mgongo, anachuja chai. Akamwuliza na habari za tangu jana, kama ada ilivyo, naye akasema njema. Wenzake pale tanuri? Hawajambo. Kikombe kikawekwa mezani, Kibwana akakalia kigoda chake cha siku zote. Dada mtu akaosha chujio, akalitundika, akaanza kuimba chini chini. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake, taratibu, sauti ya mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Ila mkono umeungua."

Akageuka. Lo! Kiganja chote cha kulia kilikuwa chekundu, ngozi imejikunja pembezoni kama ukoko wa wali.

"Yallah, Kibwana! Umeungua saa ngapi?"

Kibwana akafikiri. Kufikiri kwake hakukuwa na haraka, na anayemjua hakumharakisha. "Sijui," akasema. "Niliona tu mkate mmoja una damu."

Kabla Sikudhani hajasema neno, kidude kilichobandikwa nyuma ya sikio la mdogo wake kikatoa mlio laini, na sauti ya kike yenye adabu zake zote ikauliza, "Habari za asubuhi, ndugu Kibwana? Unajisikiaje?"

"Nzuri," akasema Kibwana, mkono ameuinua juu, majimaji yanadondoka sakafuni.

"Nafurahi kusikia hivyo. Siku njema." Kitaa cha kijani kikawaka, kikazimika.

Sikudhani alikitazama kile kitaa kama mtu aliyemkuta mgeni wake anaiba vijiko. Na kidude chenyewe walikitengeneza wao, yeye na wahandisi wenzake wa Kituo cha utafiti.

Kiliitwa Tulizo. Hakikuzidi punje ya hindi, lakini Tanga nzima ilikijua, maana picha ya Sikudhani akitabasamu nacho ilikuwa imechorwa kutani tangu Ngamiani mpaka bandarini, na chini yake maneno: NILITESEKA, SASA NIMETULIA. Na kweli aliteseka, jamani, tusimsingizie. Ubongo wa watu wengi una bawabu mlangoni. Feni ikivuma, bawabu huiambia kaa nje, na baada ya muda mwenye nyumba haisikii tena. Bawabu wa Sikudhani hakuwahi kuajiriwa. Feni, taa, mshono wa gauni, kitunguu cha jirani, vyote viliingia kwa mpigo mmoja na kila kimoja kikataka kiti cha mbele. Tulizo kiliyasoma mawimbi ya ubongo na kuyapunguza makali kabla hayajamfikia. Siku ya kwanza alipokivaa aliingia sokoni akanunua nyanya bila kulia, na alipotoka akalia kwa furaha. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Balaa lilianza pale Jiji liliposema Tulizo kivaliwe na kila mtu mzima ambaye hisi zake si za kawaida, bila mtu kuuliza si za kawaida vipi. Watu wakapangwa foleni, wakabandikwa, na tangu hapo bila kitaa cha kijani huingii kazini. Kibwana naye akabandikwa.

Asubuhi ile, akiushikilia mkono wa mdogo wake chini ya bomba, ndipo Sikudhani alipoona walichomfanyia. Kibwana bawabu anaye, ila ni mzito wa usingizi. Kumwamsha kunataka ugonge kwa nguvu. Ndiyo maana tangu utoto alipenda kujibana ukutani, na alipoanza kazi ya mikate alikanda unga mpaka kwenye viwiko, na kusogeza uso tanurini mpaka joto limfikie. Waliomwona amejibana ukutani kwenye shughuli za watu walidhani anazikimbia kelele. Kumbe maskini alikuwa anautafuta ukuta. Wao wakaja na mashine yao, wakampunguzia hata kile kidogo alichokuwa akikipata.

"Kibwana, nisikilize," akasema, akianza kumfunga kitambaa safi. "Mchana huu Baraza linapiga kura. Wakikubali, Tulizo kitashonwa chini ya ngozi, yako na yangu na ya kila mwenzetu, na hakuna kutoa. Na vile vyumba vya kimya tunamokimbilia kelele zikizidi vitafungwa, kwa kuwa eti hakuna anayevihitaji tena."

"Najua."

"Rekodi yako ya leo imeshafika Kituoni. Kila ulichohisi na usichohisi, mkono uko juu ya bati la moto. Nikiwavisha wale madiwani kofia za mwangwi, zile zinazompa mtu hisi za mwenzake, wakaonja hayo kidogo tu, nani atathubutu kunyoosha kidole?"

Kitambaa kikazungushwa, kikafungwa fundo, na ncha zake zikachomekwa ndani.

"Hapana," akasema.

"Kibwana..."

"Mle ndani ni kwangu, dada. Watu hawaingii."

Angekuwa mtoto, angembembeleza kwa kashata. Lakini huyu alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye kazi yake na mlango wake, na katika maisha yake yote watu walikuwa wamemsemea: mama, walimu, madaktari, na dada huyuhuyu. Mara ngapi alikuwa amesema hapana waziwazi hivi? Sikudhani alijaribu kukumbuka mara nyingine, asiipate.

"Haya," akasema, na neno hilo lilimtoka kwa shida. "Sitaionesha."

*

Daktari Semboja, mkuu wa Kituo, alikuwa mtu wa kusalimia hata lifti. Ndiye aliyemfundisha Sikudhani kazi, na ndiye aliyeamini, tangu siku ambayo hakuna mwingine aliyeamini, kwamba binti anayeziba masikio darasani anaweza kuwa mhandisi. Kwa hiyo Sikudhani alipoingia ofisini kwake hakuanza na lawama.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema." Akaketi. "Daktari, umesikia nilivyokujibu?"

"Nimesikia. Njema. Alhamdulillahi."

"Si njema. Mdogo wangu ameungua mkono asubuhi hii, na sijatia kitu tumboni tangu jana kwa kuiwaza kura. Lakini umeniuliza habari, nami nimesema njema. Ningesema nini?"

Daktari akavua miwani. Hakuwa mjinga, na wasiwasi ulianza kumwingia.

"Unakumbuka ile mashine ya kwanza," Sikudhani akaendelea, "ile iliyoletwa kutoka nje? Ilikuwa ikimkabili mtu na kumwuliza moja kwa moja, kiwango cha maumivu ni ngapi. Watu wakaikataa. Yule bibi wa Chumbageni akasema hawezi kuzungumza na kitu kisichojua hata kuamkia."

"Tukaifundisha adabu," akasema Daktari, na licha ya wasiwasi akatabasamu kidogo. "Nakumbuka. Tulipigiana makofi siku hiyo. Ikaanza kusalimia kwanza, na hakuna aliyeikataa tena."

"Na jibu la salamu tukaliandika kuwa kipimo."

Tabasamu likamwisha.

Hapa inafaa kueleza mashine ilivyokuwa ikijifunza, maana ndipo mzizi wa fitina ulipo. Kila asubuhi Tulizo kilimwuliza mtu hali yake, kikasikia jibu, kisha kikalilinganisha na mawimbi ya ubongo ya dakika ileile. Mtu akisema nzuri, Tulizo kilijiambia: kumbe mawimbi ya namna hii ndiyo mtu kutulia. Kisha kikafunga sikio mpaka kesho yake. Sasa wewe niambie, ni nani katika mwambao huu wote anayejibu salamu kwa kusema mbaya? Hata mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba hukaribishwa, huulizwa habari za huko atokako, naye hujibu njema. Ndipo humeza mate na kusema ila. Msiba wote uko baada ya ila. Na Tulizo, chenye adabu kama mkwe, kilikuwa kikiondoka mlangoni kabla ila haijasemwa. Kwa miaka mitatu maelfu ya watu walikifundisha, kwa heshima zote, kwamba mateso ndiyo raha.

Daktari Semboja akaipangusa miwani yake, akaivaa, akaivua tena. "Takwimu zangu zote za mchana huu," akasema, "zimesimama juu ya salamu."

"Zote."

"Lahaula." Akasimama, akatembea mpaka dirishani. Aliporudi alikuwa ameshakuwa mwanasayansi tena. "Nakuamini. Lakini Baraza halitaniamini mimi. Diwani Mhina atasema tumeshindwa kazi tukaanza kutunga hadithi. Nahitaji kitu cha kuwaonjesha. Nipe rekodi ya Kibwana, na mimi nitasimama pamoja nawe mbele ya mji mzima."

"Amekataa."

"Sikudhani, ni kwa faida yake!"

"Ndivyo tulivyosema tulipokuwa tunambandika."

Mezani pale kioo cha kompyuta ya kazi kilikuwa wazi, na jina la Kibwana limeorodheshwa pamoja na majina ya wote walioungua, walioanguka na walioacha kula tangu wabandikwe. Sikudhani alikuwa na ruhusa ya kulifungua. Kugusa mara moja tu. Na akishindwa mchana huu, wiki ijayo daktari wa upasuaji atampasua Kibwana ngozi na kumshonea kile kidude, na kiganja kitakachofuata huenda kisiwe na ngozi hata ya kufunga.

Aliuona uchungu huo wote, tena kwa hisi zake ambazo hazikujua kuona kitu nusu nusu. Akakifunga kioo.

"Nitatumia yangu," akasema.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa pomoni. Mbele walikaa madiwani, kila mmoja na kofia ya mwangwi mezani kwake, kofia laini kama ya kuogelea, yenye nyuzi ndani. Mpango ulikuwa kwamba Sikudhani, mama wa kwenye picha, avae kofia mama, na wao wavae za kwao, waonje utulivu wake kisha wapige kura kwa moyo mkunjufu. Nyuma yao, safu kwa safu, walikaa wananchi, wanawake wengi kuliko wanaume, kanga mabegani. Feni kubwa zilikuwa zikivuma darini.

Bi Mgeni, Mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu na bado aliuangalia ukumbi kama darasa la saba. "Hujambo, mwanangu?" akamwuliza Sikudhani alipopanda jukwaani.

"Sijambo, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tuonjeshe huo utulivu."

Madiwani wakavaa kofia zao. Sikudhani naye akavaa. Kwa muda mfupi nyuso zote za mbele zikalainika, na Diwani Mhina akaegemea kiti, akasema kwa sauti, "Aa, hapa pazuri." Watu wakacheka.

Sikudhani akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua Tulizo.

Walahi, ingekuwa vizuri ungekuwepo ukaona. Mtu wa kwanza kuruka alikuwa diwani wa safu ya pili, aliyeshika masikio na kutazama darini kana kwamba feni imemtukana mamaye. Mwingine akaanza kuitafuta lebo ya shati lake shingoni, anajikuna kwa mikono miwili. Taa zilikuwa zilezile, lakini kila mmoja akafinya macho. Uturi wa mtu, karatasi inayokunjwa, kiatu kinachoburuzwa, mlio wa maikrofoni ambao sikio la kawaida haliusikii, vyote vikawaingia kwa pamoja, na hakuna kilichokubali kusubiri zamu. Wawili wakazivua kofia na kuzitupa. Bi Mgeni alizishika pembe za meza, jasho linamtiririka, lakini yake hakuivua mpaka Sikudhani aliporudisha Tulizo mahali pake.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ya mwalimu mkuu ilikuwa imepungua. "Hivyo ndivyo ulivyo?"

"Tangu nizaliwe, Mheshimiwa."

"Na kabla ya hiki kidude, watu walipokuuliza hali?"

"Nilisema sijambo. Hata hicho kidude kikiniuliza, siku ambayo hakijanifaa, nasema nzuri. Sote tunasema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti mwenyewe akisalimiwa atasema hajambo." Akawaeleza yote: mashine isiyo na adabu, mashine iliyofundishwa adabu, na sikio linalofungwa kabla ya ila. Daktari Semboja, kwenye kiti chake cha pembeni, alitikisa kichwa kukubali kila neno, na ukumbi ukaanza kunong'ona.

Diwani Mhina akainua mkono. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, ila alipenda mambo yaishe. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeonja, na nimeogopa. Masikio bado yananilia. Lakini sasa sielewi. Kama dada huyu bila Tulizo anaishi ndani ya mateso haya, si ndiyo sababu ya kumshonea? Tena leo hii hii! Tukimwachia akibandue atakavyo, tutakuwa tumemsaidia au tumemtesa?"

"Kweli!" mtu akapaza sauti, na wengine wakaitikia.

Sikudhani akasimama pale. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa Kituoni, kwenye kioo, mguso mmoja tu: kiganja juu ya bati la moto na mwenye kiganja hana habari. Wangeonja hilo kwa nukta moja, hoja ya Mhina ingezikwa. Vidole vyake vilishakigusa kioo cha simu yake mfukoni. Akavitoa.

"Jibu lipo, Mheshimiwa," akasema. "Ila ni la mtu, na mwenyewe hajaniruhusu."

Minong'ono ikageuka ya kutoridhika. Mhina akafungua mikono yake kama anayesema, basi, mnaona. Bi Mgeni akangoja, na alipoona hakuna linalokuja akaivuta nyundo yake karibu. "Kama hakuna la ziada," akasema kwa masikitiko, "tutapiga kura."

Ndipo sinia likawekwa mezani kwa kishindo.

Kibwana alikuwa amesimama mlangoni pa pembeni. Siku ya Baraza mikate ya chai hutoka kwenye tanuri lao, na mkono umeungua au haukuungua, mikate ni mikate. Alikuwa na boflo moja la moto ameliweka kwapani, na ile bendeji ya dada yake mkononi. Akapanda jukwaani hatua kwa hatua, hamtazami mtu.

"Na wewe nani, baba?" akauliza Bi Mgeni.

"Kibwana. Wa mikate. Mdogo wake."

"Habari yako, mwanangu?"

"Nzuri," akasema Kibwana.

Kwenye ukuta mkubwa nyuma ya jukwaa, mahali ambapo takwimu za Kituo zilikuwa zikimulikwa, jina lake likatokea na mbele yake jibu alilokipa Tulizo asubuhi: NZURI, kijani kibichi. Mhina akalinyooshea kidole. "Si hilo hapo? Kijana mwenyewe amesema!"

"Subirini," akasema Sikudhani. "Nawaombeni. Msimwulize kitu. Subirini tu."

Bi Mgeni akainua kidole kimoja, kile cha darasani, na ukumbi wote ukakaa kimya. Kimya kikarefuka. Mtu akakohoa, akazomewa na jirani yake. Mhina akatazama saa, akamtazama Mwenyekiti, akaiacha saa. Waswahili hatujazoea kumsubiri mtu akishajibu, tunakuwa tumeshapita. Lakini siku ile walimsubiri.

"Ila mkono umeungua," akasema Kibwana. "Na sikusikia."

Ukumbi ukapumua kwa pamoja. Kibwana akamgeukia dada yake, akanyoosha mkono mzima. "Nipe kofia. Nitawaingiza mwenyewe."

"Una hakika, mdogo wangu? Si lazima. Hata tukishindwa, si lazima."

Akafikiri, na hata hapo walimsubiri. "Ndiyo. Lakini si ya asubuhi. Ya sasa."

Akavaa. Madiwani wakarudisha zao vichwani, wamejikaza kama watu wanaongoja kupigwa. Hakuna kilichokuja. Kibwana akalishika lile boflo la moto kwa mkono wa kushoto, akalibinya, akalinusa, na kwenye kofia zao kukawa kama kubinya pamba ndani ya ndoto. Mhina akaigonga kofia yake akidhani imeharibika.

"Haijaharibika," akasema Kibwana. "Hivyo ndivyo nilivyo nikikivaa."

Kisha akakibandua Tulizo, akakiweka juu ya meza ya Mwenyekiti.

Akalivunja boflo. Akaweka uso wake ndani ya ule mvuke, akautuliza hapo, na kwanza bado hakukuwa na kitu. Halafu, polepole, kama chai inavyokolea, kikaanza kuja. Joto kwanza, mashavuni. Kisha harufu, si harufu ya mkate unaopita nao barabarani, bali harufu nzima, ngano na chumvi na moshi wa kuni, kila moja kwa zamu yake, hakuna inayoisukuma nyingine. Kisha ganda linalovunjika chini ya vidole, na kila mvunjiko ukawafika kifuani. Kilichelewa, lakini kilipofika kilijaa, kikakaa, hakikuwa na haraka ya kuondoka. Hakuna diwani aliyewahi kula mkate namna ile maishani mwake. Bi Mgeni alikuwa amefumba macho na machozi yanamshuka bila aibu. Mhina alikuwa ameachama mdomo.

"Na hiki," akasema Mhina taratibu, ameshika kofia kwa mikono miwili ili isimtoke, "ndicho tulichokuwa tunataka kukizima?"

Daktari Semboja akasimama. Hakungoja kuitwa. "Ndicho, Mheshimiwa. Dada yake anahitaji mlango urudishwe kidogo, tena pale anapotaka mwenyewe. Huyu anahitaji ufunguliwe. Na wako wengine humu mjini ambao hatujajua hata mlango wao uko upande gani. Sisi tulichukua kifuniko kimoja tukataka kufunika sufuria zote. Kwa niaba ya Kituo, ninaliondoa ombi letu, na ninaomba Baraza lituamuru tuanze upya, safari hii kwa kusikiliza mpaka mwisho."

"Kura bado itapigwa," akasema Bi Mgeni, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nataka ionekane. Wanaotaka watu washonewe kwa lazima?"

Hakuna mkono ulioinuka. Mhina alikuwa ameikalia mikono yake.

"Wanaotaka Tulizo kiwe mali ya mvaaji, akivae na kukivua atakavyo, kazi yake asinyimwe, na vyumba vya kimya vibaki wazi?"

Ikanyooshwa mikono yote, na ya wananchi pia, ambao kisheria hawana kura, na Mwenyekiti akajifanya hawaoni. Akaipiga nyundo.

Sasa unawajua wanawake wa Tanga. Vifua vilishajaa hewa, ndimi zilishapanda, vigelegele viko mlangoni kabisa. Na ndipo Bi Mgeni akaruka kitini, umri wake wote ule, mikono juu. "Msithubutu! Mmesahau yupo nani hapa?" Kisha akamgeukia mhudumu. "Na feni hizo zizimwe!"

Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Vigelegele vikamezwa, na ilikuwa kazi, usifanye mchezo. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, asijue furaha yote ile aipeleke wapi, akaivua kanga yake begani, akaipunga juu ya kichwa. Jirani yake akaipunga yake. Mara ukumbi mzima, kimya kabisa, joto linawachoma na jasho linawatoka, ukawa unapunga kanga juu, nyekundu na buluu na njano, mpaka nyuma kabisa ambako watu walipanda juu ya viti ili za kwao nazo zionekane.

Sikudhani alikibandua Tulizo. Alitaka kuiona furaha hiyo bila kupunguziwa hata chembe. Rangi zote zikamwingia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani hakutamani hata moja ikae nje.

Kibwana alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, mgongo ameubana kwenye meza ya Mwenyekiti, anatafuna. Sikudhani akaenda akakaa karibu naye. Mdogo wake akamkatia kipande cha boflo, na baada ya kitambo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

"Dada," akauliza, "hujambo?"

"Sijambo."

Kibwana hakugeuka, hakuondoka, hakusema alhamdulillahi. Alikaa akisubiri, na kanga zikaendelea kupepea juu yao. Sikudhani akaelewa anachosubiriwa. Akajipekua ndani kwa uaminifu, chumba kwa chumba, akilitafuta jibu la pili.

"Sijambo kweli, Kibwana," akasema, naye akaumega mkate.